Namna ya Kuomba Fedha za Mifuko ya Ushirikiano wa Kusini–Kusini: Mwongozo kwa Halmashauri, Vyuo na Asasi za Dodoma na Kanda ya Kati

Watu wengi wanaoandaa maandiko ya miradi katika Kanda ya Kati wanaifahamu njia ya kufika kwa wafadhili wa Ulaya na Marekani, lakini mifuko iliyoanzishwa na nchi zinazoendelea kwa ajili ya nchi zinazoendelea wanaisikia tu katika taarifa za habari, kiongozi anapopokelewa uwanja wa ndege na mikataba kusainiwa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya maofisa mipango wa halmashauri, watafiti na wakufunzi wa vyuo, pamoja na viongozi wa asasi zisizo za kiserikali, ambao wangependa kujua mifuko hiyo inataka nini, mlango wake uko wapi, na kazi gani ifanyike kabla ya kuandika hata ukurasa mmoja wa andiko.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba mifuko hii hulipia ujuzi uhame kutoka nchi moja inayoendelea kwenda nyingine. Kisima, ghala au mashine vinaweza kuwemo ndani ya mradi, lakini andiko linaloomba kisima tu, bila kueleza ni nchi gani ya Kusini, yaani inayoendelea, imelitatua tatizo hilo na kwa ujuzi upi, litaonekana kuwa limepotea njia. Asili ya mtazamo huu ni Mpango Kazi wa Buenos Aires uliopitishwa mwaka 1978, ambao ndio uliofanya tarehe 12 Septemba iwe Siku ya Umoja wa Mataifa ya Ushirikiano wa Kusini–Kusini. Watanzania hawana sababu ya kuuona ugeni, kwa kuwa Mwalimu Julius Nyerere aliiongoza Tume ya Kusini tangu mwaka 1987 hadi ilipotoa ripoti yake mwaka 1990, na kazi ya tume hiyo ndiyo iliyozaa Kituo cha Kusini kilichopo Geneva. Misingi iliyosisitizwa tangu siku hizo bado inaonekana katika fomu za leo: mwenye shida ndiye anayeomba, nchi husika ndiyo inayoongoza mradi, na pande zote mbili zinatarajiwa kunufaika.

Mifuko yenyewe

Mfuko unaostahili kuangaliwa kwanza ni Mfuko wa Ubia wa Maendeleo wa India na Umoja wa Mataifa, ulioanzishwa mwaka 2017. India iliahidi kuuchangia dola milioni 100 kwa kipindi cha miaka kumi, na mwaka 2018 ikaongeza dirisha maalumu la dola milioni 50 kwa nchi za Jumuiya ya Madola. Mfuko huu unasimamiwa na Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Ushirikiano wa Kusini–Kusini, inayojulikana kwa kifupi chake UNOSSC, na miradi yake hutekelezwa kupitia mashirika ya Umoja wa Mataifa kwa kushirikiana na serikali za nchi zinazonufaika. Unazipa uzito nchi zenye maendeleo duni zaidi na visiwa vidogo vinavyoendelea. Tanzania imo katika kundi la kwanza na ni mwanachama wa Jumuiya ya Madola tangu mwaka 1961, kwa hiyo madirisha yote mawili yako wazi kwetu.

Wa pili ni Mfuko wa IBSA wa kupunguza umaskini na njaa, uliobuniwa na India, Brazil na Afrika Kusini mwaka 2004. Kila moja kati ya nchi hizo tatu huuchangia dola milioni 1 kwa mwaka, na UNOSSC ndiyo meneja wake. Mradi wake wa kwanza ulikuwa wa kilimo na mifugo nchini Guinea-Bissau, na mwingine unaotajwa sana ni wa ukusanyaji wa taka ngumu katika mji wa Port-au-Prince nchini Haiti. Ni mfuko mdogo wenye sifa kubwa, na mimi nauona unafaa zaidi kwa mradi unaogusa kata chache kuliko ule unaotaka kuugeuza mkoa mzima.

Wa tatu ni Mfuko wa Pérez-Guerrero, ulioundwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1983 kwa ajili ya nchi za Kundi la 77, umoja wa nchi zinazoendelea ndani ya Umoja wa Mataifa. Ruzuku zake ni za makumi ya maelfu ya dola, si mamilioni, na mradi ni lazima uhusishe nchi zisizopungua tatu zinazoendelea. Vyuo huupuuza kwa sababu ya udogo wa fedha, jambo ambalo kwa maoni yangu ni kosa, kwa sababu ndio mfuko unaofaa kabisa kwa utafiti wa pamoja, mafunzo mafupi au mtandao wa wataalamu kati ya, kwa mfano, Dodoma, Niger na India.

China nayo ilitangaza mwaka 2015 mfuko wake wa ushirikiano wa Kusini–Kusini, ambao mwaka 2022 ulipandishwa hadhi na kufikishwa dola bilioni 4. Vilevile ina mfuko wa amana ulio chini ya Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, ulioanza mwaka 2009 kwa dola milioni 30, ambao hupeleka wataalamu na mafundi kukaa mashambani pamoja na wakulima. Brazil hufanya kazi zaidi kupitia wakala wake wa ushirikiano na Kituo cha Umahiri dhidi ya Njaa cha Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, kilichopo Brasília tangu mwaka 2011, na ndiyo ya kuifuata kwa masuala ya pamba na chakula cha mashuleni kinachonunuliwa kwa wakulima wa jirani.

Hatua ya kwanza: kuutaja ujuzi unaokosekana

Kazi ya kwanza inafanyikia kijijini. Halmashauri zetu zina utaratibu wa kuibua fursa na vikwazo kwa maendeleo, ambamo wanakijiji hukaa na wawezeshaji na kutaja wanachokitaka. Orodha inayotoka humo, kama ilivyo, haitoshi kwa mifuko hii, kwa sababu wanakijiji hutaja vitu vinavyoonekana: zahanati, josho, barabara, bwawa. Ni lazima mtu akae na orodha hiyo na kuuliza swali la ziada kwa kila kipengele, yaani, je, kinachokosekana hapa ni fedha peke yake, au kuna namna ya kufanya jambo hili ambayo hatuijui na wenzetu wanaijua?

Tuchukue mtama. Wilaya za Bahi, Chamwino na Kongwa zina mvua ya msimu mmoja, kwa kawaida kati ya Desemba na Aprili, na kwa wastani wa mkoa haifiki hata milimita 700 kwa mwaka, kwa hiyo mtama na uwele ndiyo nafaka za kutegemewa kuliko mahindi, ijapokuwa wakulima wengi bado wanayang'ang'ania mahindi hayo. Tatizo la mtama haliko katika mbegu peke yake, kwani kituo cha utafiti cha TARI Hombolo kimeshughulika na mazao hayo kwa miaka mingi. Ndege aina ya kwelea kwelea ni janga linalojulikana. Hata hivyo, mkulima aliyevuka salama mpaka kuvuna hukuta kwamba mtama wake una wanunuzi wachache, kwa sababu mlaji wa mjini anataka unga uliokobolewa vizuri, uliofungashwa, usio na mchanga, na hatuna viwanda vidogo vya kutosha vyenye ujuzi wa kuutengeneza hivyo. Hapo ndipo ujuzi unaokosekana unapoonekana waziwazi: ukoboaji, uhifadhi wa unga usichache, mapishi ya bidhaa za mtama, na namna ya kuunda vikundi vya wasindikaji vinavyoweza kushika soko.

Sentensi isemayo «wakulima wa Bahi wana umaskini na wanahitaji msaada wa kusindika mtama» haimfikishi msomaji popote. Afadhali andiko liseme kwamba vikundi vya wasindikaji katika kata fulani tatu wanakoboa mtama kwa mashine za mahindi, unga unabaki na pumba nyingi na kuharibika mapema, na kwamba wanataka kujifunza teknolojia ndogo ya ukoboaji ambayo wasindikaji wa India wanaitumia tayari. Kila neno la sentensi hiyo linaweza kuthibitishwa na afisa kilimo wa kata.

Hatua ya pili: kumtafuta mwenye ujuzi kabla ya kumtafuta mwenye fedha

Waombaji wengi hufanya kinyume. Huanza na tangazo la mfuko, kisha hutafuta mbia wa kuandikwa jina lake wiki moja kabla ya tarehe ya mwisho, na barua ya mbia huyo husomeka kama ilivyo: barua ya mtu aliyeombwa jina. Ni bora kutumia miezi michache kuandikiana na taasisi ya upande wa pili mpaka ifahamike nani atakuja, atafundisha nini, na watu wa Dodoma wataenda kujifunza wapi.

Kwa mfano wetu wa mtama, India ni mahali pa wazi, kwa kuwa ndiyo mzalishaji mkubwa wa nafaka ndogo duniani na ndiyo iliyopendekeza mwaka 2023 uwe Mwaka wa Kimataifa wa nafaka hizo. Mjini Hyderabad ipo taasisi ya serikali ya India ya utafiti wa nafaka hizo, na pembeni ya mji huo, Patancheru, yapo makao makuu ya ICRISAT, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao ya maeneo makavu. Vilevile India ina programu ya ITEC, iliyoanza mwaka 1964, inayogharamia kozi fupi kwa watumishi wa nchi nyingine. Kumpeleka afisa mmoja katika kozi ya namna hiyo kabla ya mradi ni njia ya gharama ndogo ya kujenga uhusiano wa kweli.

Halafu kuna upande ambao watu wetu huusahau kabisa, nao ni ujuzi ambao Dodoma inaweza kuutoa. Mfano wa kisiki hai unatosha. Njia hiyo ya kuchagua machipukizi yenye nguvu kwenye visiki vilivyo hai shambani, kuyapogolea, kuyawekea alama na kuyalinda mpaka yawe miti, ilienea kwanza kwa wakulima wa Niger katika miaka ya 1980, na leo wakulima wa vijiji vingi vya Dodoma wanaitekeleza na kufundishana. Kondoa ina historia ya HADO, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulioanza mwaka 1973, pamoja na uamuzi mgumu wa kuondoa mifugo mwaka 1979, ambao mafanikio yake na maumivu yake yote ni somo kwa nchi yoyote yenye makorongo. Makutupora ina watafiti wa zabibu katika nchi ya joto, ambako mkulima huvuna mara mbili kwa mwaka. Andiko linalosema «tutajifunza usindikaji wa mtama, na sisi tutawapokea wataalamu wenu tuwaonyeshe urejeshaji wa miti katika mashamba» linakidhi ule msingi wa manufaa ya pande zote, na linampa msomaji wa New York sababu ya kuliamini.

Hatua ya tatu: kupita mlango wa serikali

Hapa ndipo maandiko mengi mazuri yanapokufa, kwa hiyo tutakaa kidogo. Mifuko ya India na ya IBSA haipokei maombi kutoka kwa kikundi au asasi moja kwa moja kama ruzuku za balozi zinavyofanya. Ombi linatakiwa liwe la nchi. Kwa IBSA, serikali huanza mazungumzo na maofisa waliotajwa na nchi hizo tatu, ambao hupatikana kupitia balozi zao, kisha pendekezo hufika kwenye bodi inayoundwa na wawakilishi wao huko New York. Likikubalika, UNOSSC hutafuta shirika la kulitekeleza. Kwa mfuko wa India, panahitajika ombi la serikali pamoja na shirika la Umoja wa Mataifa litakalobeba utekelezaji.

Kwa Tanzania Bara, mwenye mamlaka ya kupokea misaada kwa niaba ya Serikali ni Waziri mwenye dhamana ya fedha, chini ya Sheria ya Mikopo, Dhamana na Misaada ya Serikali, Sura ya 134. Hii ina maana kwamba ofisi ya kuijua ni Idara ya Fedha za Nje ya Wizara ya Fedha, katika Mji wa Serikali Mtumba. Wenzetu wa mikoa ya mbali hulala njiani ili kuifikia ofisi hiyo. Sisi wa Dodoma tunapanda daladala, na bado tunaitumia nafasi hiyo vibaya.

Mtiririko unaofaa kwa halmashauri ni huu. Wazo liwe limepita katika mkutano mkuu wa kijiji na Kamati ya Maendeleo ya Kata, na mihtasari yake iwepo, kwa sababu itaombwa. Timu ya menejimenti ya halmashauri iujadili mradi, kisha upelekwe kwenye kamati husika na Baraza la Madiwani. Mkurugenzi Mtendaji, ambaye ndiye afisa masuuli, aandike barua kupitia kwa Katibu Tawala wa Mkoa kwenda Ofisi ya Rais – TAMISEMI, nakala ikienda kwa wizara ya kisekta, ambayo kwa mtama ni Wizara ya Kilimo. TAMISEMI na wizara ya kisekta ndizo zitakazoombea andiko kwa Wizara ya Fedha, na Wizara ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki itahusika pale barua inapopaswa kupitia ubalozi au uwakilishi wetu wa kudumu Umoja wa Mataifa. Asasi au chuo kinachotaka kushiriki hakina budi kuingia ndani ya mtiririko huu kama mtekelezaji mwenza, na kiandikwe hivyo kwenye andiko tangu mwanzo, si kwa ahadi ya mdomo.

Sambamba na barua hizo, zungumzeni mapema na shirika la Umoja wa Mataifa linaloelekea kubeba mradi. Mashirika hayo hufanya kazi nchini chini ya mpango wa ushirikiano wa mwaka 2022 hadi 2027, na mradi usioingia kwenye vipaumbele vya mpango huo ni vigumu kupata msimamizi. Kwa mtama, FAO na WFP ndizo za kubisha hodi. Onyesheni pia mradi unapokaa katika Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050 na katika mpango mkakati wa halmashauri, kwa aya moja tu. Kurasa tatu za kunukuu dira hazimsaidii mtu.

Kwa Mfuko wa Pérez-Guerrero njia ni fupi zaidi, ijapokuwa bado ombi hupitia kwa mwakilishi wa nchi katika Kundi la 77. Kwa miaka mingi tarehe ya mwisho imekuwa 30 Aprili, kwa hiyo barua za nchi nyingine mbili zinazoshiriki ziwe zimeanza kutafutwa tangu mwaka uliotangulia.

Hatua ya nne: andiko la awali na bajeti

Andiko la awali lisizidi kurasa tatu au nne. Lieleze tatizo na mahali lilipo, ujuzi unaotafutwa na unakotoka, watu watakaojifunza na idadi yao, kitakachobaki baada ya mradi, watekelezaji na mgawanyo wa kazi, muda, na gharama kwa jumla. Viashiria viwe vya kupimika na afisa kilimo bila kuhitaji mshauri kutoka nje: kilo za unga zinazosindikwa kwa mwezi, siku ambazo unga unakaa bila kuharibika, bei anayopata mkulima kwa gunia. Takwimu za mwanzo zikusanywe kabla ya kuomba, kwa sababu mradi usiojua ulipoanzia hauwezi kuonyesha ulikofika.

Katika bajeti, sehemu inayosahaulika ni gharama ya ujuzi wenyewe. Watu huweka mashine, gari na posho za vikao, kisha mtaalamu kutoka nje anapewa siku tano za kufundisha jambo linalohitaji msimu mzima. Geuzeni uwiano huo. Wekeni fedha za mtaalamu kukaa mpaka mashine imeharibika na kutengenezwa mara ya kwanza mbele yake, za mafundi wetu kwenda kwake, za mkalimani kama mbia ni wa Brazil, na za kutafsiri vitini kwa Kiswahili, maana msindikaji wa Mundemu hatasoma kitini cha Kiingereza hata kikiwa na picha nzuri. Wekeni pia makato ya usimamizi ya shirika linalobeba mradi. Ni sehemu ya kawaida ya gharama, na kuyaficha huleta mvutano baadaye. Mchango wa halmashauri, uwe jengo, umeme au muda wa watumishi, uthaminishwe kwa shilingi na uonekane.

Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 inaweza kula sehemu kubwa ya fedha za mashine. Msamaha kwa mradi wa serikali unaofadhiliwa kwa msaada hauji wenyewe. Unahitaji kutajwa ndani ya makubaliano na kufuata utaratibu wa kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali, kwa hiyo suala hilo liulizwe Wizara ya Fedha wakati rasimu bado inaandikwa.

Kalenda nayo ipangwe kwa akili. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, na fedha zisizokuwemo katika bajeti ya halmashauri huleta usumbufu wa kuomba kibali cha matumizi katikati ya mwaka. Mvua haisubiri kibali. Mradi wa usindikaji uanze mafunzo kabla ya mavuno, na mradi wowote wa mbegu au miti ambao fedha zake zinatazamiwa kufika Februari uhesabu kwamba msimu huo umeshapita.

Vibali ambavyo havimo kwenye fomu za mfuko

Mbegu haziingii nchini ndani ya begi la mtaalamu. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, hutoa kibali cha kuingiza mimea, na upande wa pili lazima utoe cheti cha usafi wa mimea. Mbegu za kusambazwa kwa wakulima zipite kwenye mikono ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu. Mtafiti wa kigeni anahitaji kibali cha utafiti kutoka COSTECH, na mtaalamu atakayekaa kufanya kazi anahitaji vibali vya kazi na ukaazi. Ununuzi wa umma hupita katika mfumo wa NeST, isipokuwa makubaliano yaseme kwamba shirika la Umoja wa Mataifa litanunua kwa taratibu zake, na hilo lijulikane kabla mashine haijaagizwa.

Asasi zisizo za kiserikali zina wajibu wao. Kanuni za mwaka 2018 ziliweka sharti kwamba shirika linalopata zaidi ya shilingi milioni 20 liwasilishe mkataba wa ufadhili kwa Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10 tangu kuusaini, na litangaze fedha hizo hadharani. Ofisi ya Msajili iko hapa hapa Dodoma, chini ya wizara ya maendeleo ya jamii. Ulizeni kaunta yake utaratibu unaotumika mwaka huo kabla ya kusaini.

Fedha zikishafika

Teueni mratibu mmoja ambaye hatahamishwa katikati ya mradi, au walau awe na msaidizi anayejua kila kitu, kwa sababu uhamisho wa watumishi umevuruga miradi mingi kuliko upungufu wa fedha. Taarifa za robo mwaka ziandikwe na watu waliokuwepo, zikieleza pia kilichoshindikana na sababu zake. Mfuko wa ushirikiano wa Kusini–Kusini una haja kubwa na taarifa hiyo, kwani nchi inayofuata ndiyo itakayoitumia. Wekeni kumbukumbu za mafunzo kwa picha za video zenye maelezo ya Kiswahili, na nakala moja ibaki TARI Hombolo au katika chuo kilichoshiriki, si katika kompyuta ya mratibu peke yake.

Hati ya makabidhiano ya mashine iandaliwe miezi sita kabla ya mradi kufungwa, ikitaja mali hiyo itaandikwa katika rejista ya nani, nani atalipa umeme na vipuri, na vikundi vitachangia kiasi gani kwa kila gunia linalosindikwa. Madiwani waipitishe hati hiyo wakati mtaalamu wa upande wa pili bado yupo nchini, ili orodha ya vipuri na anwani za watengenezaji wake viambatishwe na vithibitishwe naye.